Kadi za Adabu

Nyamache, Sabato jioni

Kerubo rafiki yangu,

Najua unacheka. Mimi niliyekuwa nanung'unika kuandika hata barua ya kuomba likizo, leo nimekaa nje ya jiko la mama nakuandikia wewe, mtu ambaye tarishi hana njia ya kumfikia. Cheka tu. Nina habari, na sina mwingine wa kumpa bila kuanza kwa kueleza kompyuta ni mdudu gani. Mama nimemweleza hadi nimechoka, na bado leo asubuhi kanisani nimemsikia akiwaambia wenzake kwamba napiga taipu Nairobi.

Habari yenyewe ni ya programu yako, ile ya orodha za wakulima wa chai.

Tulipokuzika kule kwenu Magwagwa, mvua ilikuwa inanyesha, nawe hukupenda matope. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya mchungaji. Nilirudi Nairobi nikakuta kiti chako kimesukumwa ukutani na koti lako la manyoya, lile la kujikinga na baridi ya chumba cha mashine, bado limening'inia nyuma ya mlango. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Mimi ndiye niliyelichukua, na bado ninalo.

Kabla sijazoea kula chakula cha mchana peke yangu, bosi akaniita. Mashine ya zamani inaondolewa, akasema, sasa kazi zote zitahamia kwenye ile mpya. Nikamuuliza, na programu ya Kerubo? Akasema itupwe, tutaandika nyingine tangu mwanzo. "Programu ya marehemu ni ya mashine ya marehemu." Hakuwa na nia mbaya, unamjua ulimi wake. Lakini nilikasirika hadi nikasahau kulia. Nikamwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi nijaribu kuihamisha. Akakubali, kama mtu anayemkubalia mfiwa jambo lolote ili atoke ofisini.

Unakumbuka ugomvi wetu? Mimi na mashine mpya, wewe na ya zamani. Siyo vyuma tulivyokuwa tukigombania. Ni ule mfumo unaokaa ndani ya kila mashine na kuamua nani afanye kazi, lini, na kwa utaratibu gani. Nilikuwa nasema mfumo wa mashine yako ni kama karani wa wilaya. Unampelekea sanduku la kadi zilizotobolewa, na mbele yake kadi nyingine za kuomba kila kitu kwa jina: utepe huu, printa ile, nafasi kiasi fulani. Ukikosea mkato mmoja, unarudishiwa sanduku lako kesho yake bila hata pole. Mfumo wa mashine mpya unakaa naye mbele ya taipureta iliyounganishwa kwa waya, unaandika, anakujibu papo hapo. Watu kadhaa mnazungumza naye wakati mmoja, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Nikakwambia hayo ndiyo maisha.

Nawe ukanijibu, "Na akizimika katikati ya mazungumzo?" Maana ilikuwa kweli, alikuwa akizimika. Karani wako alikuwa mkali, lakini alichokubali kukifanya alikimaliza, na alichokimaliza hakukisahau. Wangu alikuwa mchangamfu na msahaulifu. Tulibishana hivyo miezi na miezi, hadi siku ile ulipomeza chai yako, ukasema, "Moraa, mimi nimelelewa na majiko mawili. Usinifundishe."

Ndipo ukaniambia habari za kwenu. Baba yako ana wake wawili, Mama Mkubwa na mama yako, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake katika boma moja. Kwa Mama Mkubwa mtoto hagusi chungu, anangoja apewe, na akitaka chumvi anaiomba. Kwa mama yako mtoto anajipakulia, lakini ole wake asiposuuza sahani. Kuni kule zinapangwa ukutani, huku ziko darini. Wewe ulikula kote na hukuchapwa kokote, kwa sababu ulipovuka ua ulibadilisha adabu, siyo tumbo. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. "Hakuna mama aliye bora," ukaniambia. "Kuna mtoto anayedhani kila jiko ni la kwao."

Programu yako uliiandika hivyo hivyo. Hesabu zote za wakulima uliziweka katika sanduku kubwa, na humo ndani hapakuwa na neno hata moja la kujua iko kwenye mashine gani. Kila jambo la kuomba utepe, la kufungua orodha, la kuchapa, uliliweka pembeni katika kifungu kidogo cha kadi ulichokifunga kwa mpira na kukiandika kwa kalamu nyekundu: ADABU. Ukasema siku mashine ikibadilika, mtu atabadilisha kifungu hicho tu, na sanduku kubwa halitajua kwamba limehama. Mimi nilikutania kwamba unaandikia mashine ambazo hazijazaliwa. Wenzetu nao walikutania. Ulikuwa unacheka nao huku ukitoboa kadi zako.

Basi nikaandika kifungu kipya cha adabu, cha mashine mpya. Haikuwa kazi kubwa, uliniachia njia nyeupe. Nikaweka sanduku lako, nikaandika amri. Kerubo, ilikwenda! Nilisimama peke yangu mle chumbani nimevaa koti lako, printa inanguruma, nami nikasema kwa sauti, mbuya mono, dada, asante sana.

Nilishukuru mapema. Orodha ilipotoka, wakulima wa Nyamache walikuwepo wote, wa Nyakoe wapo, lakini wa Magwagwa hakuna hata mmoja. Mashine ilisema hawapo. Kijiji chenu kizima, na baba yako ndani yake! Na ile ilikuwa orodha ya kugawa mbolea, kwa hiyo asiyekuwemo angesimama kituoni na kurudi nyumbani mikono mitupu. Nilipekua kadi zako moja moja nikitafuta kosa. Sikuliona. Nikaanza kufikiri labda bosi alikuwa na haki, na fikira hiyo ilinitia huzuni kuliko nilivyotarajia, maana ilikuwa kama kukuzika tena.

Nikachukua likizo fupi nikaja nyumbani. Mama akanipa ndizi za kumpelekea mama yako, kwa hiyo nikaenda Magwagwa.

Mama yako amekonda lakini anacheka bado. Alipika mboga za chinsaga na obokima, ule ugali wetu wa wimbi, nami kwa kujifanya mtoto wa nyumbani nikashika kikapu cha obokima nianze kupakua. Akanishika mkono. "Ngoja, mwanangu. Kwanza nyumba kubwa." Akakata kipande cha kwanza, akakifunika, akampelekea Mama Mkubwa ng'ambo ya ua, ndipo akarudi tukala. Nikamuuliza kama Mama Mkubwa naye akipika huwa analeta huku kwanza. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama maji hupanda mlima. "Yeye anaanza na kwake. Nyumba kubwa ni ya kwanza, jiko lolote liwe ndilo limepika."

Kwetu Nyamache baba ana mke mmoja, na chakula huanza kwa mgeni. Nimekua nikidhani dunia nzima huanza kwa mgeni. Nilikaa pale na tonge mkononi, na nikaliona kosa lako, Kerubo, wazi kabisa. Majiko yenu mawili yalitofautiana kwa kila kitu isipokuwa hicho kimoja, nani wa kwanza. Ndiyo maana hukukiweka kwenye adabu. Hukujua kwamba ni adabu. Ulidhani ndivyo dunia ilivyopangwa.

Mashine yako ya zamani, ikipanga, inatanguliza tarakimu ndipo herufi. Mpya inatanguliza herufi. Vituo vya chai vya zamani vina nambari tupu, cha Magwagwa kilikuja baadaye kikapewa herufi mbele. Orodha ya wakulima ilipangwa na mashine ya zamani, ile ya maombi ya mbolea ikapangwa na mpya, na programu yako ikazipitia bega kwa bega ikiamini zina mpango mmoja. Ni kama makarani wawili wanaosoma majina pamoja, mmoja ameanza na Nyakoe na mwingine na Magwagwa, halafu kila mmoja anaapa kwamba watu wa mwenzake wamepotea.

Niliporudi Nairobi nikaongeza kadi chache kwenye kifungu cha adabu: kabla ya kupanga, uliza nyumba hii nani wa kwanza, kisha orodha zote mbili zipangwe kwa jibu hilo. Sanduku lako kubwa nililigusa mahali pamoja tu, pale pa kuuliza. Nikaandika amri tena. Magwagwa walitoka wote, na baba yako kati yao.

Bosi aliisoma orodha mara mbili, akasema haya, ibaki. Kisha akaona mstari wa juu kabisa, ule uliokuwa ukichapwa siku zote, kwamba programu imeandikwa na Kerubo. Akasema nilitoe jina, maana mtu huyu hayupo. Nikamwambia programu yake ipo. Na sikulitoa.

Juzi nimepita Magwagwa tena. Orodha imebandikwa ukutani kwenye kituo cha chai, na watu wamejaa wakitafuta majina. Mama yako alikuja, na Mama Mkubwa nyuma yake na fimbo yake. Mama yako hasomi, unajua. Akaniuliza, "Ni kweli jina la mtoto wangu limo?" Nikamshika mkono nikaupeleka juu, juu ya jina la baba yako, juu ya majina yote ya kijiji, nikauweka hapo. Akauacha hapo muda. Kisha akauliza polepole, "Mbele ya wote?" Nikamwambia, mbele ya wote.

Aligeuka kumtazama Mama Mkubwa, karibu kama mtu anayeomba radhi. Yule mzee akaegemea fimbo yake, akaukodolea macho ule mstari asioweza kuusoma, akasema, "Mwacheni. Leo nyumba ndogo imetangulia." Mama yako alilia hapo hapo mbele ya watu, nami nikalia naye, na sikuona aibu.

Sasa giza linaingia na mama ananiita nikasonge obokima. Bado nasema mashine mpya ni tamu kuliko ya zamani, hilo hukunishinda. Bado inazimika pia, hilo umenishinda. Watasema siku moja nayo imezeeka, wataleta nyingine yenye mfumo wake na ukali wake. Nakuahidi, Kerubo: ikija nitauliza kwanza adabu za nyumba hiyo, nitaandika kifungu kipya, na sanduku lako litavuka ua salama. Nikiondoka mimi, nitakuwa nimemfundisha mwingine.

Pumzika, dada. Na huko uliko, wakipakua, usingoje tena upande wa pili wa ua.

Ni mimi wako,
Moraa