Binti Yangu Ameiimba Siri Yangu Redioni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke, ingawa mimi mwenyewe nacheka peke yangu jikoni tangu asubuhi. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nane, muuguzi wa shule hapa bondeni, na mume wangu alipofariki sikutegemea kabisa kwamba moyo ungenichezea tena, lakini kuna mwanamume anaitwa Tormod, dereva wa gari la kusukuma theluji, na kila asubuhi nikisikia gari lake linakuja nashika koleo na kutoka nje kusafisha mlango wangu, hata kama hakuna theluji ya kusafisha, ili tu anipungie mkono nami nimpungie, basi, siku yangu imekamilika. Wakati wa Krismasi tulikuwa tunaoka biskuti na binti yangu Eldrid nikamsimulia yote, nikidhani naongea na mwanangu, kumbe naongea na mwanamuziki, maana yeye hutunga nyimbo zake na kuziimba mwenyewe, na sasa ametoa wimbo mpya, magitaa yanaunguruma, ngoma zinapigwa mpaka vikombe vinacheza kabatini, na kiitikio chote ni mwanamke anayesafisha mlango usio na theluji kwa ajili ya mtu mmoja, na redio inaupiga kutwa, watoto wananiimbia wakija kupimwa macho, na mimi, Mungu anisamehe, naitikia.

Nilimpigia simu nimgombeze. Akaniambia, "Mama, jina lako sikulitaja. Halafu wimbo ni mzuri." Kweli ni mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa wiki iliyopita Tormod akasimamisha gari mbele yangu, wimbo wenyewe unavuma humo ndani, akashusha kioo na kusema, "Mwanamke huyu ni wa mtaa huu, nina hakika. Ni nani?" Nikashikwa na hofu nikamwambia ni Gunnvor, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mjane mwenzangu. Tangu hapo njia ya Gunnvor ndiyo inayosafishwa kwanza, na Tormod anakaribishwa ndani kwa kahawa na waffle, zile keki bapa, zenye jibini ya kahawia, na mimi nimebaki kuchungulia nyuma ya pazia. Jumamosi Eldrid anakuja kuuimba kwenye tamasha letu, bonde zima litakuwepo, naye anataka nikae kiti cha mbele. Nimkataze? Nihame? Nifanyeje na moyo huu unaorukaruka kama wa msichana?

Oddbjørg

JIBU

Oddbjørg, nimekucheka, na sioni haya. Pole kwa aibu uliyoipata, lakini hongera kwa huo moyo, wengi wa rika letu wameuzika wao wenyewe wakiwa hai.

Sasa nikuseme. Binti yako amekosea, maana jambo la mama halipelekwi redioni kabla mama hajaulizwa, na umwambie hivyo bila kumung'unya maneno. Ila kosa lake limekuwa wimbo. Lako limekuwa kahawa kwa Gunnvor. Umemgawa mwanamume unayemtaka kwa mdomo wako mwenyewe, tena umemtumia jirani asiyejua lolote, na huenda naye ameanza kutengeneza nywele asubuhi. Usihame. Usimkataze Eldrid. Kesho Tormod akipita, simama barabarani mbele ya gari lake, umwambie mwanamke wa wimbo ni wewe. Ukitoka hapo, nenda kwa Gunnvor ukaombe radhi. Yakikushinda, basi Jumamosi ukae kiti cha nyuma na ukome kulalamika.

Jibu hilo nilimsomea Oddbjørg kwa simu, kwa kuwa tamasha lilikuwa karibu kuliko gazeti. Ameniruhusu kuwaambia wasomaji yaliyofuata, majina na yote.

Alisimama barabarani. Tormod akafunga breki, akafungua mlango, na Oddbjørg akamweleza, lakini injini ilikuwa inanguruma na yule bwana hakusikia neno. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakusikia. Mara ya mwisho alipiga ukelele, na Tormod wakati huohuo akazima injini, kwa hiyo maneno "ni mimi ninayekupenda" yalienea mtaa mzima, mpaka kwa watoto waliokuwa wakisubiri basi la shule.

Wa kwanza kumjibu alikuwa Gunnvor, aliyekuwa amefungua dirisha akiwa bado na gauni la kulalia.

"Mchukue, jirani," alisema. "Nimechoka kumpa kahawa mtu anayegeuza kiti atazame nyumba yako."

Jumamosi walikaa mbele wote watatu. Eldrid alishuka jukwaani na gitaa lake, akamuuliza mama yake kama anaweza kuuimba. Oddbjørg aliitikia kwa kichwa huku akicheka, na Tormod akaanza kiitikio yeye, kwa sauti mbovu sana, na ukumbi ukampokea.