Kompyuta Imesema Nitoe Mtoto Kafara

Mpendwa mshauri Mama Sophia, shikamoo. Naomba unisikilize hata nikichanganya maneno, maana naandika haraka haraka. Sasa hivi, hata dakika mbili hazijapita, mwanangu Julia ameinua kifuniko cha kompyuta ya baba yake, akaweka kiganja kwenye kioo kilichozimika, akaniangalia akasema, "Mama, kuku kafa?" Nimemvuta mkono kwa nguvu mpaka amelia, na mimi nimelia, yeye hajui mimi ninalilia nini.

Jina langu Veridiana ila hapa Masasi wote wananiita Mama Julia, nina miaka ishirini na mbili, nimesoma hadi darasa la saba, kwetu ni Chilangala kule Newala, na mume wangu Baba Julia kazi yake ni kufunga umeme wa jua kwenye nyumba za watu, sasa hivi ana wiki mbili yuko Nanganga na analala huko huko mpaka kazi iishe. Julia ana miaka minne. Alichelewa sana kusema, Mama Sophia, watoto waliozaliwa naye walikuwa wanatumwa dukani na kurudi na chenji, yeye ananyoosha kidole tu, wengine wakaanza kumwita bubu mbele yangu. Basi mwezi wa pili Baba Julia akaleta hiyo kompyuta, aliipata kwa mtu aliyekuwa anafunga duka lake la picha, akaweka gemu la kuku anayeokota herufi, ukibonyeza herufi kuku anaidonoa na sauti inasema A ya asali, B ya bata, na Julia akawa anakaa pale kimya anamwangalia kuku, siku ya tisa akasema bata. Wazi kabisa. Nilikimbia nje na unga mikononi kuwaambia majirani. Toka hapo anasema, kila wiki neno jipya, na yote yametoka kwa huyo kuku.

Hiyo kompyuta siyo kama zile za pale wanapotoa fotokopi, hii inatumia kitu kinaitwa Linux, Baba Julia anasema ni ya bure na haishikwi na virusi. Mimi sikuwahi kuizima, nikimaliza naifunika tu kama sanduku, na ndani kulikuwa na video za kwaya zimefunguliwa na vitu vyake vya kazi sijui vingapi, mimi vya mtu sigusi. Na kwenye gemu Baba Julia alimpiga Julia picha ya uso akaiweka pale pa kuingilia, na jina lake chini. Hilo naomba ulishike.

Jumatatu asubuhi nimebonyeza alama ya kuku, kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikapotea. Nimebonyeza mara kumi hivi. Nikampigia Baba Julia, akasema usiogope mke wangu, bonyeza hivi na hivi lije dirisha jeusi, andika herufi tano nitakazokutajia, kisha nisomee mstari wa mwisho. Nikaandika. Yakaja maandishi mengi kama mchwa, na huko mwisho nikaona maneno mawili ya Kiingereza ninayoyajua. La kuua nalijua kwa sababu liko kwenye kopo la dawa ya mbu, na la mtoto tulifundishwa shuleni. Baba Julia anauliza, "Umeona nini?" nikasema umeme umekatika, akasema, "Lakini hiyo ina betri, Mama Julia," nikakata simu.

Nikanakili ule mstari kwenye karatasi herufi moja moja, nikampelekea Adija jirani yangu anayeuza vitumbua, simu yake inatafsiri. Akaandika pale, simu ikasema hivi, na mimi nakuandikia kama ilivyosema: Kumbukumbu zimekwisha, ua, au toa kafara mtoto.

Adija akashusha kikaango chini. Akasema, "Mama Julia, mimi nina miaka kumi na vitumbua, unga wangu unapita mashineni kila siku, na mashine haijawahi kuniomba mtoto." Alisema kama utani lakini nilimwona anavuta kanga kujifunika kichwa.

Mshauri, tangu siku hiyo mimi si mtu. Nimeinyima umeme mpaka ikazimika yenyewe. Hilo neno kumbukumbu kwetu ni misa ya marehemu, sasa zimekwisha maana yake nini, na mtoto gani anatakiwa kama siyo huyu ambaye uso wake na jina lake vimewekwa mle ndani? Nikaanza kurudisha mambo nyuma. Tangu kompyuta iingie Baba Julia anaitwa kazi huku na huku, nyumba imepata bati upande wa mbele, na Julia ameshikwa homa mara mbili, walimpima wakakuta malaria akapewa dawa akapona, lakini sasa nawaza, ilikuwa malaria kweli? Mtaani wanasema watu wanaoinuka ghafla ni frimasoni na huwa wanaambiwa watoe wanayempenda. Na huyu baba yake, Mama Sophia, ndiye anayemchambulia Julia miba ya samaki kabla yeye hajatia tonge mdomoni. Mtu wa namna hiyo anaweza? Nikimwangalia kwenye picha naona hawezi, nikifumba macho naona lile dirisha jeusi. Anapiga simu kila siku, sipokei.

Nikashindwa kubaki nalo peke yangu, nikamwambia kaka yangu Nikolao. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, baba hata awe nani. Kaka amekasirika sana, ameacha mashine ya kupulizia mikorosho salfa shambani, amesema anakuja leo leo kutuchukua mimi na mtoto twende Chilangala, kompyuta ataipasua kwa shoka, na Jumapili ataita ukoo awaambie Reginald, yaani Baba Julia, amemuuza mtoto wetu. Ameniambia nisimwambie mume wangu kitu.

Mimi naomba kujua, gemu likifunguka tena mtoto atadhurika? Nikitoa ile picha yake itatosha? Maana Julia kila asubuhi anaulizia kuku, na jana hajasema neno lolote jipya, naogopa atarudi kule kwenye kidole, na kama naondoka sasa naondoka moja kwa moja, sitakuwa tena na nyumba, lakini moyoni bado natumaini utaniambia kuna jambo sikulielewa, kwa sababu mimi shule yangu ndogo, na Baba Julia ni mtu ambaye, ngoja, pikipiki imesimama nje, ni kaka, anaita "Veri, mtoe mtoto!" natuma hivi hivi, nijibu kabla Baba Julia haja

*

Marahaba, Mama Julia.

Barua za safu hii huwa zinakaa foleni wiki tatu. Yako nimeitoa foleni nikiwa bado nimesimama, na jibu hili nakutumia kwa simu leo, kabla halijachapwa gazetini. Majina nimebadilisha, na nitaeleza huko chini kwa nini ilikuwa lazima. Kwanza lile unaloliogopa.

Hakuna aliyemtaka mwanao. Mstari wako nimempelekea Ladislaus, anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini. Aliusoma akacheka, nikamkazia macho, akaacha. Anasema kumbukumbu hapo ni nafasi ya kufanyia kazi, kama meza ya jikoni. Umeweka sufuria, ungo, kinu na beseni, ukitaka kuweka sahani hapapatikani pa kuiweka. Kompyuta ikijaa hivyo huchagua kazi moja iisimamishe ili nyingine zisigande. Na kazi iliyoanzishwa na kazi nyingine, mafundi wa kompyuta huiita mtoto. Basi. Kwako meza ilijaa kwaya na makaratasi ya Baba Julia kwa miezi mizima, ukaja kumweka kuku juu, kompyuta ikamwondoa kuku. Uso wa Julia haumo katika hesabu hiyo, ni picha tu. Neno la kafara ni utani wa waliotunga, utani wa watu ambao hawakufikiria kwamba siku moja utasomwa na mama aliye peke yake na mtoto. Ladislaus anasema hata wenyewe waliona halifai, kwenye Linux za siku hizi wamelifuta. Yenu ni ya zamani.

Kisha nikafanya jambo ambalo washauri hatufanyi. Nikapiga namba yako. Akapokea mwanamume.

"Nani?"

"Sophia, wa safu ya ushauri gazetini. Mama Julia yupo?"

"Gazeti linapiga simu siku hizi?"

"Leo linapiga. Wewe ni Nikolao?"

"Umenijuaje?"

"Kwa sauti ya shoka. Mtoto anaendeleaje?"

"Anakula muhogo. Mama, usiingie mambo ya ukoo."

"Siingii, niko mlangoni. Kaka, huko Chilangala una migomba?"

"Ipo nyuma ya nyumba. Kwa nini?"

"Mwaka huu umetoa watoto wa mgomba?"

"Nimetoa sita, walikuwa wanamnyonya mama yao."

"Na marehemu sita umewazika wapi?"

Mama Julia, kaka yako akaanza kucheka, kicheko kile cha mtu asiyetaka kucheka. Nikamwambia hivyo hivyo ndivyo kompyuta ilivyosema: toa mtoto mmoja, shina lipone. Nikamuuliza kama kwenu hakuna mzee aliyetolewa mtoto wa jicho, na kama kuna aliyekwenda polisi. Akasema, "Bibi yetu alitolewa hospitali ya Ndanda, macho yote mawili." Nikamwambia basi lugha yetu wenyewe ina watoto kila mahali, meza ina mtoto, jicho lina mtoto, mgomba una watoto, sasa kwa nini tukikuta kompyuta nayo ina mtoto tunashika shoka? Amekubali kulala Masasi leo na kuliacha shoka kwenye pikipiki. Nimemsifu kwa hilo na ninamsifu tena hapa, maana mjomba anayeacha mikorosho yake katikati ya salfa kwa ajili ya mpwa wake ni mjomba. Ila ukoo asiite.

Sasa wewe. Umeogopa, na mama wa mtoto aliyechelewa kusema ana haki ya kuogopa kuliko wengine, kwa sababu anachokilinda amekipata kwa shida. Hilo nalielewa, na nimelia nawe kwenye lile neno bata. Lakini umekosea na nitakwambia. Ulikuwa na fundi kwenye simu, fundi huyo ni mume wako, amekuuliza umeona nini, ukamdanganya umeme umekatika. Ungemsomea ule mstari, hofu yako ingeisha kabla simu haijapata joto. Badala yake ukaipa simu ya Adija maneno yasiyo na kichwa wala miguu, ikakurudishia maneno yasiyo na kichwa wala miguu, ukayaamini kuliko mtu unayekula naye. Simu haijui kama unauliza habari za kompyuta au za kaburini.

Na hilo neno frimasoni usilitamke tena juu ya mtu. Hili silisemi kwa utani. Katika nchi hii nyumba zimechomwa na watu wameuawa kwa neno kama hilo lililoanza jikoni kwa jirani. Ndiyo maana majina nimeyabadilisha. Homa ya Julia ilipimwa ikakutwa malaria, ikatibiwa, ikapona. Angalia chandarua kama kina tundu, ushone.

Kuhusu kompyuta, fanya leo, Nikolao akiwa amekaa hapo hapo aone. Kwa kuinyima umeme umeshafanya nusu ya kazi ya fundi bila kujua, meza imefutika. Ichaji, iwashe, ikikuuliza kama irudishe vilivyokuwa wazi ikatalie. Usifungue kwaya, usifungue chochote, bonyeza kuku peke yake. Ladislaus anaamini atafunguka. Akifunguka, mpakate Julia acheze. Jioni izime kabisa, kuifunika si kuizima. Kuku akikataa, au akifunguka leo akakataa kesho, basi nafasi yenyewe ni ndogo, na Baba Julia ataongeza kipande cha kumbukumbu, ni kidogo kama kitana, fundi wa umeme wa jua hashindwi. Picha ya mtoto usiifute. Atajiuliza amekwenda wapi.

Tena mwanao asijifunze kusema kwa kuku tu. Unapokoroga uji mtajie mwiko, mtajie moto, mwache akutajie. Na ukipata nafasi mpeleke kliniki wamkague masikio, ni jambo la kawaida, usilifanyie kesha.

Linabaki moja, na hili Ladislaus hawezi kukusaidia. Baba Julia amekaa Nanganga siku zote hizi akipiga simu isiyopokelewa, hajui kama mtoto ni mzima. Mpigie kabla hujaiwasha hiyo kompyuta. Usianze na gemu. Mwambie ulichomdhania, chote, na lile la kumuuza mtoto ulitaje kwa mdomo wako, maana Nikolao analijua, Adija analijua, na mimi nalijua, na siku atakayolisikia kwa mmoja wetu hutakuwa na la kumjibu. Ataumia. Huenda akakufokea kwenye simu. Usikate.