Jina la Kipa Redioni

Hayes, London
Jumapili

Mwanangu Amin,

Tunakusalimu kutoka kwenye manyunyu yasiyokoma. Wiki sita hatujapata barua yako, kwa hiyo leo tulikutafuta redioni, katika mchezo wenu wa hoki. Waya wa redio nimeufunga kwenye kamba ya nguo uani, la sivyo nyumbani hakusikiki. Mtangazaji alipoanza tu kusoma majina ya wachezaji wa Mombasa, mwenye nyumba wetu, mama wa Kiingereza, aliivuta kamba ili aanue mashuka yake, na sauti ikakatika.

Iliporudi, mchezo ulikuwa umeshaanza. "Kipa ameokoa!" alisema mtangazaji.

"Ni Amin huyo!" mama yako alipiga kelele, bajia zikimuungulia jikoni.

"Makipa uwanjani ni wawili, mama Amin," nilimjibu.

Nilisema kweli, lakini tangu hapo hajala, nami sijala. Siku utakapoipata kadi hii, tuandikie kwa mkono wako mwenyewe kwamba aliyeokoa ni wewe. Mabao mliyofungwa usiyataje, hayatuhusu.

Mungu akulinde huko uliko peke yako.

Baba yako