Bawabu wa Moto

Svėdasai, 14 Novemba

Mwanangu Skaistė,

Kwa heshima na huzuni inayostahili jambo zito, natangaza kwamba paka amehama kutoka juu ya jiko. Amevumilia moshi na amemvumilia shangazi yako Stasė, lakini kisanduku ulichotufungia kimemshinda. Anasema kinavuma. Sisi wengine hatujambo. Goti langu linanung'unika ila halijagoma. Wewe huko Vilnius unakula?

Majirani wanauliza kisanduku ni cha nini. Nawaeleza kama ulivyonieleza: bati linawekwa motoni mpaka linawaka jekundu, na kigae chako kinaugeuza ule mwanga kuwa umeme. Ila mwanga mwingi ni hafifu, kigae hakiuwezi, kingeishia kuchemka bure. Ndiyo maana umeweka kioo katikati. Kioo hicho ni bawabu wa harusi: mwenye kadi anapita, asiye nayo anarudishwa jikoni akachochee moto.

Stasė akauliza, "Umeme wenyewe wa kuwasha nini?"

"Taa ya meza na redio."

"Nguzo ya umeme iko hapo dirishani, kaka."

Nikaongeza kuni. Mtu huchagua vita vyake.

Baba yako,
Bronius

Vilnius, 2 Desemba

Baba, shikamoo, na shangazi pia,

Nakula. Mwambie shangazi acheke taratibu. Kile kioo nimekipaka tabaka juu ya tabaka, kila moja jembamba kuliko mvuke wa pumzi kwenye kioo cha kujitazama. Profesa Rimvydas anasema maabarani kila kitu hung'aa. Kioo kikimaliza msimu wa baridi kwenye jiko la watu, mkataba wangu utaendelea na kazi yote nitaiongoza mimi. Kikichubuka, nifunge virago.

Kisanduku kinaniletea vipimo kila siku. Choma kuni za mbetula tu, zile za gome jeupe. Na tafadhali, mtu asikifungue.

Binti yako,
Skaistė

Vilnius, 23 Aprili

Baba,

Salamu zenu nimezipata, afya ninayo, amani sina. Wiki ya Pasaka vipimo vimeporomoka. Leo Profesa amesimama mbele ya wote akasema, "Dada, tabaka zako zimebanduka kama rangi ya uzio. Mwisho wa Mei tutaomba uliachie dawati." Wenzangu wote wakatazama chai zao.

Hakuomba hata kukiona kioo. Huyu ni daktari anayeandika cheti cha kifo akiwa nyumbani kwake. Msimu mzima kioo kimekaa na moto bila kutetereka, na hakuna aliyenipongeza. Kimeyumba wiki moja, nimepata hotuba. Niambie mlichoma nini.

Skaistė wako

Svėdasai, 26 Aprili

Mwanangu,

Pole sana. Habari za goti niziache. Tulichoma mbetula, kama ulivyoagiza. Barua yako ilipofika nilikifungua kisanduku, Stasė akiwa pembeni. Kioo kilikuwa cheupe, unaona upande wa pili kama dirisha. Nikamtazama.

"Nimekiosha," akasema. "Majivu yaliyolowa na gazeti, kama kila kioo cha jiko katika nyumba hii tangu enzi za marehemu mama."

"Skaistė alikataza kukifungua."

"Skrubu nne si kufuli. Wageni wa Pasaka wanakuja kucheza mchezo wa kugonganisha mayai, halafu wakute kioo kina rangirangi kama petroli dimbwini? Waseme nyumba haina mwanamke?"

Nikamsomea habari ya dawati. Akakaa. Kisha akainuka, na ghadhabu yake ilikuwa imekwisha kupata mtu wa kumwangukia. "Kwa hiyo huyo profesa anamfukuza mtoto wetu kwa uchafu nilioutoa mimi?"

Sasa hivi anafunga soseji kwenye gazeti na kioo kwenye kitambaa cha kichwa. Anapanda basi la asubuhi. Nilijaribu kumzuia. Unamjua.

Baba yako

Vilnius, 2 Mei

Baba, shikamoo,

Shangazi alifika salama. Alimkuta Profesa kwenye korido, akamfunulia kitambaa.

"Wewe ndiye uliyesema kimebanduka? Kimesuguliwa. Nimekisugua mimi, kwa mkono huu, na tabaka zilinigomea mpaka jasho likanitoka. Kazi ya huyu mtoto haina kosa."

Profesa akavaa miwani. Ndiyo mara yake ya kwanza kukitazama. Akasema, "Naam, mama, inaonekana ni mikwaruzo." Nikamwambia basi arudishe maneno yake mbele ya wale wale, na mkataba wangu pia. Shangazi akasema hatoki pale bila jibu, na soseji anazo. Profesa akasema ana kikao, akaenda.

Katibu wake akatuingiza ofisini, akatumiminia chai, akafunga mlango.

Akatunong'oneza: walioamua niondoke walikaa kikao Februari. Shangazi aliosha kioo Aprili.

Binti yako,
Skaistė