Mashine Inayokataza Watu Kujibu

Kilema, Jumanne, Novemba 2006

Eti tovuti ya wapanda mlima aliyotengeneza mjukuu wangu Neema inatuma barua yenyewe. Ameichomekea kidude kinaitwa plagini. Nikamwambia, basi kimwite mama yako. Krismasi kila Mchaga anapanda nyumbani, yeye amejichimbia Dar, nitakufa sijamwona.

Kidude kikapeleka, kikaongeza chake mwishoni: "Tafadhali usijibu barua hii."

Leo binti yangu kapiga simu, amefura.

"Shikamoo mama. Unaniita halafu unaniziba mdomo?"

"Marahaba. Huyo ni tarishi wa mwanao. Mimi nikitaka unyamaze nakwambia mwenyewe."

Akacheka. Atakuja.

Neema anataka kuyafuta yale maneno. Nimemkataza. Wanangu hawafanyi kitu mpaka wakatazwe.