Kofia za Katani kwenye Barabara ya Mkonge

Athumani, rafiki yangu,

Salamu zikufikie huko ulikolazwa chini ya udongo, na Mungu akupe nafasi. Mimi mzima, bado nashona viatu vya watu pale pale Makorora. Kiatu chako cha kushoto kingali kwangu. Nilimaliza soli yake, sijui nikifanyeje.

Mwaka umepita tangu Idd ile. Unajua tulivyokuwa: tukishiba pilau tunakwenda moja kwa moja barabara ya shamba la mkonge, ile iliyonyooka, kushindana pikipiki hadi darajani na kanzu mpya mwilini. Nani avue kanzu siku ya Idd? Wewe ulitaka kuvua. Ulishaanza kufungua vifungo, na mimi nikakucheka mbele ya watu: "Bwana harusi anaogopa vumbi." Ukavifunga tena. Hukufika darajani. Pindo liliingia kwenye mnyororo, na kichwani ulikuwa na kofia ya kitambaa tu.

Watu walisema ajali, kazi ya Mungu. Nami nikaitikia. Mama yako sikumwambia nilichokisema. Nilikuwa nikimwona sokoni napita njia nyingine, mtu mzima mimi.

Halafu nikaanza kushona kofia. Ngozi ya soli kwa nje, sufi ndani, na ukanda wa kufunga kidevuni. Ya kwanza ilikuwa kama sufuria. Yosefu, yule fundi mitambo wa shambani tuliyekuwa tukimtania kwa kushindana akiwa amevaa suruali ya kazi na mabuti, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Sufi ikigandamizwa inalala. Weka katani." Tukatia nazi ndani ya kila kofia, tukaziangusha kutoka juu ya paa. Ya sufi, nazi ilipasuka. Ya katani ilitoka nzima. Zilizopasuka tulipikia wali, usidhani tumekuwa wapumbavu kabisa.

Yosefu akakata madebe, akatengeneza vifuniko vya minyororo. Sasa haondoki mtu kabla breki zake hazijajaribiwa, na mwenye kanzu anavua, awe nani. Walinung'unika, wakasema tumekuwa waoga. Niliwaacha waseme. Mdomo wangu mimi ulishafanya kazi yake.

Idd hii tukarudi barabarani. Hatujapanga mstari, namwona mama yako anakuja na mkasi mkononi. Nikajua leo anatufukuza. Kumbe alipita kwa kila mmoja, akikata kila kinachoning'inia: shali, uzi, ncha ya mkanda. Hakuna aliyethubutu kumbishia.

Yosefu aliondoka na kundi la kwanza, na katikati ya njia gurudumu likateleza mchangani. Akabingirika, Athumani. Nilikimbia. Nikamkuta amekaa, kofia imechunika upande mmoja, ananiuliza pikipiki yake imeumia wapi. Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Zamu ya kundi langu ilipofika sikuweza kupanda. Nilimwendea mama yako, nikamwamkia, nikamwambia yote, la bwana harusi, la vumbi, la vifungo. Mkasi ulikuwa bado mkononi mwake.

"Niliambiwa siku ile ile tuliyomzika," akasema. "Nilikuwa nangoja uje mwenyewe."

Kisha akanishika kidevu, akauvuta ukanda wa kofia yangu mpaka ukabana. "Haya, mwanangu. Nenda, urudi."

Nilishindwa vibaya. Nilikuwa wa mwisho, na sijapata kufurahi hivyo mwaka mzima.

Buriani, ndugu yangu. Kila Idd nitashika ukanda wa kila kidevu kabla sijafunga wangu. Na asubuhi, kabla sijafungua duka, nitapita kwenu. Mama yako hatakosa mtoto wa kumwambia shikamoo.

Ni mimi, rafiki yako,
Hamisi