Kilio cha Jumamosi

Toronto

Mama yangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Na ule muhogo wa nyuma ya nyumba, mbuzi wa jirani wameuacha, au bado mnakula pamoja nao? Mimi ni mzima. Bado nafua mashuka katika nyumba ya wazee, mikono imekuwa migumu kama ya Baba, lakini nakula, nalala, namshukuru Mungu.

Barua ya dada Josefina imefika. Shemeji aliitoa hapo nyumbani akaipeleka mwenyewe posta ya Arua, mwambie asante sana. Nimefurahi mno kusikia kwamba sasa mtafanya matanga ya Baba, tena hapo hapo nyumbani Koboko, baada ya miaka yote ile ya ukimbizi Zaire. Ila kuna jambo moja limenikaa kooni. Josefina anasema umeamua padri aombe, watu wale chakula, waende zao, na mtu yeyote asilie. Mama, kwa hilo naomba unisikilize. Josefina, msomee polepole, usiruke kitu.

Jumamosi moja nilikuwa chumbani kwangu napika maharage. Nikasikia mwanamke analia ghorofa ya juu. Si kulia kwa mtu aliyegombana na mumewe, ni kile kilio chenyewe, cha maiti. Unanijua. Sikuzima hata jiko. Nilivua kitambaa, nikaweka mikono kichwani, nikapanda ngazi mbio huku napiga mayowe, kiatu kimoja kimebaki mlangoni. Kwetu mtu akikaa nyumbani wakati wenzake wanakimbilia msiba, kesho watauliza kama si yeye aliyetia sumu. Nikasema, mimi mgeni hapa, wasije wakanifikiria vibaya!

Aliyefungua mlango ni mzee mmoja mwembamba, kijiko mkononi, macho yamemtoka. Nikamuuliza nani amekufa. Akageuka kuitazama redio yake kubwa, ambako yule mwanamke alikuwa bado analia, akaniambia, "Bado hajafa. Atakufa mwishoni."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Anaitwa Bwana Anton, alifiwa na mkewe, na hana mtoto. Alinieleza kwamba kila Jumamosi mchana redio inaleta opera, yaani mchezo ambao watu hawasemi, wanaimba tu, kutoka kwenye jumba la maonyesho, mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Mtu akimpenda mtu, anaimba. Akichomwa kisu, anaimba kwanza ndipo afe. Na wakati wote huo hakuna anayeinuka kumsaidia! Watu wamekaa, wamevaa vizuri, na mwenye kulia akimaliza wanampigia makofi. Nikamwambia kwetu wangeona aibu. Akasema, "Nimesikiliza redio hii miaka mingi. Wewe ni mtu wa kwanza kuja."

Tangu hapo Jumamosi zangu ni kwake. Mimi napeleka mandazi, yeye anapika kahawa chungu, ananisimulia kisa kabla hakijaanza kwa sababu mara nyingi wanaimba Kitaliano. Nilikuwa nimekaa muda mrefu huku bila mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Yeye ananiuliza. Nikichelewa anagonga sakafu kwa bakora yake.

Sasa sikia, Mama. Jumamosi iliyopita kulikuwa na binti anayemlilia baba yake. Bwana Anton alinionya mapema, lakini yule binti alipoanza tu, mimi nilikuwa nimesharudi kule porini karibu na mpaka, siku ile tuliyokuwa tunakimbilia Zaire. Nikamwona Baba ndani ya lile blanketi la jeshi, na mjomba anachimba kwa panga. Nikausikia mkono wako mdomoni mwangu, na ule mwingine mdomoni mwa Josefina. "Nyamaza, mutoto. Askari iko barabarani. Baba anajua wewe unamupenda." Tukanyamaza. Na mimi, Mama, sikulia tena tangu siku ile, si Zaire, si uwanja wa ndege nilipokuacha.

Kwa Bwana Anton nililia. Nilianza kidogo kidogo, nikijiziba mdomo mwenyewe, maana majirani wa huku wakisikia kelele wanaita polisi. Yule mzee aliinuka, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, vioo vikatetemeka, ili kila anayesikia afikiri ni opera. Kisha akanipungia mkono, endelea. Nikamlilia Baba kama anavyostahili, kwa jina lake na la ukoo wake, nikamweleza yote. Usiku huo nililala vizuri kabisa. Nimemshukuru Bwana Anton mpaka amechoka kunisikia.

Mama, usifikiri nakulaumu. Mkono ule ndio uliotuvusha mpaka. Leo Josefina ana watoto, na mimi nina kazi na chumba. Nakushukuru kwa mkono ule kuliko kwa chakula chote ulichonilisha. Lakini Josefina anaandika kwamba hata kizuizi cha askari kwenye barabara ya Arua kimeondolewa.

Nisalimie shangazi, sauti yake ya msibani naikumbuka, asije akaiacha nyumbani. Msalimie mjomba kule Inde, mwambie kazi aliyomfanyia Baba kwa lile panga sijaisahau. Wapwa zangu wote nawabusu.

Fanyeni matanga Jumamosi, tafadhali. Huku ikiwa mchana, kwenu giza limeingia na watu bado wamekaa kwenye moto. Mimi nitakuwa kwa Bwana Anton. Ameshakubali kuniongezea sauti, hata kama siku hiyo redio inaimba mambo ya harusi. Anza wewe, Mama, wengine watakuitikia. Toa sauti yote. Barabarani hakuna tena anayetusikiliza. Anayesikiliza ni Baba.

Mimi binti yako anayekupenda,
Keji